Shahada Isiyo na Ulimi

Nina ugomvi na shahada zetu za kwanza, za sanaa na za sayansi, nami nautaja ugomvi wenyewe mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Tunampa kijana masharti mengi kabla ya kumvisha joho. Yapo masharti ya kuingia chuoni, yapo ya kuhudhuria, yapo ya kufaulu na yapo ya kutoka. Lakini sharti moja, ambalo kwa maoni yangu lingestahili kuwa miongoni mwa yale ya kwanza, tumelisahau. Nalo ni hili: kwamba mtu aliyesomeshwa na umma huu aweze kusimama mbele ya umma huu na kueleza, kwa lugha ya umma huu, kile alichokisomea.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kuyaangalia masharti haya kwa karibu, nitayataja kwa ufupi. Hapa kwetu Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu inataka shahada ya kwanza iwe na krediti zisizopungua 360, ambazo kwa kawaida ni kazi ya miaka mitatu. Krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza mihadhara, kushiriki semina, kufanya majaribio maabara, kujisomea, kuandika na kufanya mitihani. Basi ukizidisha utaona kwamba nyuma ya kila joho zipo saa 3,600 za kazi, angalau kwenye karatasi. Ndani ya saa hizo zimo kozi za lazima na kozi za hiari, zimo kozi za stadi za mawasiliano, yaani namna ya kuandika na kusoma Kiingereza cha chuoni, yamo mafunzo kwa vitendo, na katika programu nyingi imo ripoti ya utafiti katika mwaka wa mwisho. Mwishoni huangaliwa wastani wa alama: asiyefikisha 2.0 katika kipimo cha 5 hapati shahada, na anayefikisha 4.4 huingia daraja la kwanza na kupigiwa makofi.

Sina ugomvi na hesabu hizo. Chuo lazima kiwe na kipimo. Ugomvi wangu ni kwamba katika mitaala niliyopata kuisoma, ukiacha ya wale wanaosomea Kiswahili chenyewe, ndani ya saa hizo 3,600 sikuona hata moja iliyotengwa kumtaka mwanafunzi aeleze somo lake kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa takwimu, wa kemia, wa jiografia, wa uchumi au wa sosholojia anaweza kuingia chuoni, akakaa miaka mitatu, akatoka na daraja la kwanza, bila ya mwalimu hata mmoja kumwuliza: "Hebu nieleze jambo hili kama ambavyo ungemweleza mama yako."

Tafadhali nisieleweke vibaya. Sifufui hapa ule mjadala mkongwe wa lugha ya kufundishia, mjadala ambao umeshaandikiwa makabati mazima ya ripoti. Wanaotaka Kiswahili kifundishie kila somo wana hoja zao, na wanaotaka Kiingereza kibaki wana zao. Mimi nazungumzia jambo dogo zaidi, ambalo pande zote mbili zingeweza kukubaliana nalo asubuhi moja na kulitekeleza mwaka unaofuata. Nazungumzia sharti moja la kuhitimu.

Nianze na utafiti, maana hapo ndipo aibu yetu inapoonekana waziwazi. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza huenda kukusanya data kwa ajili ya ripoti zao. Huenda kwa wavuvi wa pwani, kwa wachimbaji wadogo, kwa mama lishe, kwa wafugaji, kwa wakulima wa kahawa na wa korosho. Hubeba madodoso. Dodoso huenda liliandikwa kwanza kwa Kiingereza ili msimamizi alipitishe, lakini mwanafunzi hulazimika kulitafsiri, kwa sababu mvuvi hazungumzi Kiingereza. Maswali huulizwa kwa Kiswahili. Majibu hutolewa kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri, chenye majina ya samaki, ya pepo, ya nyavu na ya misimu ambayo mwanafunzi mwenyewe hakuwa akiyajua. Kisha data zile husafiri hadi chuoni, zikageuzwa kuwa Kiingereza, zikatiwa kwenye majedwali, zikafungwa kwa jalada gumu na kupangwa kwenye rafu. Mvuvi aliyetoa saa nzima ya asubuhi yake, akiwa ameacha kushona wavu, hatajua kamwe nini kilipatikana.

Tazama basi mwendo wa maarifa hayo. Yanatoka kwa watu yakiwa katika Kiswahili, yanavuka daraja, na yakishavuka hayarudi. Tukimwona mfanyabiashara anayechukua mazao kijijini kwa mkopo na kutoweka, tunamwita mwizi. Tukimwona mwanafunzi anayechukua maarifa kijijini na kutoweka, tunamwita mhitimu. Wala mwanafunzi hana nia mbaya. Hakuna mahali popote katika masharti yake palipoandikwa kwamba ni lazima arudi, au kwamba atakaporudi ni lazima awe na ukurasa hata mmoja ambao mvuvi yule au mwanawe anaweza kuusoma.

Kwa hiyo siku hizi ukienda katika baadhi ya vijiji vilivyo karibu na miji, watu wamechoka kuhojiwa. Huuliza tangu mwanzo: "Nyie wa mwaka jana mlituuliza hayahaya, majibu yake yako wapi?" Ni swali la haki, na halina jibu.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Kijana mmoja mwenye shahada ya sayansi ya kilimo alikuwa ameletwa awaeleze wakulima matokeo ya vipimo vya udongo wa mashamba yao. Alikuwa kijana mwenye adabu, na kazi yake aliijua, hilo sina shaka nalo. Aliwaamkia wazee kama inavyostahili, kisha akasema kwamba udongo wa kijiji kile una asidi, kwamba pH yake ni 4.8, na kwamba hali hiyo inaifanya fosforasi isipatikane. Wakulima wakanyamaza. Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, hiyo pH ni ugonjwa?" Kijana akajaribu tena, na maneno ya Kiingereza yakaongezeka badala ya kupungua. Alikuwa analifahamu jambo lenyewe, lakini ufahamu wake ulikuwa umefungwa ndani ya sentensi alizozisoma kwenye madesa, na sentensi hizo zilikuwa za lugha moja tu. Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akasema, "Nadhani mwanetu anasema udongo umechacha. Ndiyo maana pale tunapomwaga majivu ya jikoni mahindi hustawi." Uso wa kijana ukakunjuka. "Ndiyo, mzee wangu, ndivyo hivyo! Majivu yanaipunguza ile asidi, na chokaa hufanya kazi hiyohiyo." Dakika kumi zilizofuata zilikuwa na mafunzo mengi kuliko nusu saa nzima iliyotangulia.

Fikiria kilichotokea pale. Mzee alijua kwamba majivu yanasaidia, lakini hakujua sababu. Kijana aliijua sababu, lakini hakujua kwamba mzee alikwisha kufika nusu ya njia. Kilichowatenganisha kilikuwa ni neno moja, kuchacha, ambalo kila aliyewahi kulaza maziwa au uji analijua. Katika miaka yake yote ya chuo hakuna aliyemtaka kijana yule alitafute neno hilo. Simlaumu yeye. Nawalaumu waliomtungia masharti.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la kipaji cha kuzungumza, na kwamba chuo kikuu kinapima elimu, hakipimi kipaji. Mimi naona kinyume. Kueleza jambo kwa lugha ya nyumbani ni kipimo kikali cha elimu kuliko mitihani mingi tunayoitoa. Kila aliyepata kusoma katika shule zetu anajua kukariri kulivyo. Mtu anaweza kuimeza fasili ya Kiingereza jioni, akaitapika asubuhi kwenye karatasi ya mtihani, akapewa alama zake zote, na asiwe ameelewa kitu. Fasili hiyohiyo mwambie aieleze kwa Kiswahili. Hapo hakuna desa la kumwokoa. Itambidi aifumue, aitazame ndani, aone kipi ni mfupa na kipi ni nyama, kisha aisuke upya. Asiyeelewa atakwama palepale, na sisi tutamwona amekwama. Kwa hiyo hata yule asiyejali lugha wala wananchi, anayejali ubora wa shahada peke yake, angepaswa kulitaka sharti hili.

Sasa tuje kwenye suala la nani amelipa. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1961 jijini Dar es Salaam kwa wanafunzi wachache sana wa sheria, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Tangu siku hizo hadi leo elimu ya juu imebebwa kwa sehemu kubwa na fedha za umma. Hata baada ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, mkopo wenyewe unatoka katika mfuko wa serikali, na mfuko wa serikali unajazwa na kodi ya sukari, ya sabuni na ya mafuta ya taa. Mwalimu Nyerere alikuwa akimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Mtu huyo asiporudi, alisema, ni msaliti. Huyu wa leo ninayemzungumzia amerudi, tena amerudi na gunia begani. Ila gunia limeshonwa, na hajui namna ya kulifungua mbele ya watu.

Na tusidhani kwamba hasara hii ni ya vijijini tu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki katika mahakama zetu, Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu. Bunge linajadili kwa Kiswahili. Halmashauri, mabaraza ya kata, vyama vya ushirika, redio na televisheni, vyote vinafanya kazi kwa Kiswahili. Mchumi atakayeitwa mbele ya kamati atahojiwa kwa Kiswahili. Mkemia atakayeitwa na mahakama aeleze alichokipata katika sampuli ataeleza kwa Kiswahili, na uhuru wa mtu unaweza kutegemea jinsi atakavyoeleza. Tunawaandaa watu hawa kwa miaka mitatu, kisha tunawapeleka mahali ambapo chombo chao cha kazi ni kilekile ambacho hatukuwahi kukipima.

Zipo hoja tatu ninazozisikia kila ninapolizungumza jambo hili, nazo zinastahili majibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba baada ya hapo. Mtoto wa shule ya msingi anajua usanisinuru ni nini. Istilahi zipo, ila zimelala kabatini kwa sababu hakuna anayelazimishwa kuzitumia. Neno halikomai ndani ya kamusi, hukomaa mdomoni. Waweke maelfu ya wahitimu kila mwaka katika hali ya kulazimika kutafuta namna ya kusema, na baada ya miaka kumi utaona maneno yasiyofaa yamekufa yenyewe na yanayofaa yamesimama. Na pale ambapo neno halipo, mhitimu aeleze kwa sentensi mbili. Yule mzee wa majivu hakuhitaji istilahi.

Hoja ya pili ni kwamba tutakidhoofisha Kiingereza, na vijana wetu watashindwa katika soko la ajira la nje. Sharti ninalolipendekeza lingechukua krediti 10 katika 360. Saa 3,500 zingebaki kama zilivyo. Kama Kiingereza cha mwanafunzi kinaweza kuuawa na saa 100 za Kiswahili katika miaka mitatu, basi Kiingereza hicho kilikuwa mahututi tangu alipoingia.

Hoja ya tatu ni kwamba si kazi ya chuo kikuu kuweka sharti ambalo si la somo lenyewe. Hapa ndipo ninaposhangaa kabisa, maana vyuo vikuu vimekuwa vikiweka masharti ya namna hiyo siku zote. Oxford na Cambridge vilimtaka kila aingiaye ajue Kiyunani mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na Kilatini kikaendelea kudaiwa mpaka miaka ya 1960 ilipoanza, hata kwa anayekwenda kusomea fizikia. Hapa kwetu, tangu miaka ya mwanzo ya 1970, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakisoma kozi za Taaluma za Maendeleo, wawe wa uhandisi au wa historia, kwa sababu chuo kiliamua kwamba haiwezekani mtu ahitimu bila kuielewa hali ya nchi yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi: lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuoni. Unaweza kuyapinga masharti hayo, na mengine yamekwisha kuondolewa. Lakini huwezi kusema kwamba chuo hakina mamlaka ya kudai jambo kwa ajili ya jamii yake.

Na wengine wametutangulia. Mwaka 1687, mjini Leipzig, mwalimu aitwaye Christian Thomasius alitangaza mihadhara kwa Kijerumani wakati ambapo chuo kilijua Kilatini tu. Wenzake waliliona jambo hilo kuwa ni utovu wa adabu. Leo hakuna anayeuliza kama Kijerumani kinafaa kwa elimu. Karibu nasi zaidi, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal cha Afrika Kusini kiliamua kwamba kuanzia mwaka 2014 wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza wasiojua Kizulu wafaulu kozi ya lugha hiyo kabla ya kuhitimu. Hao walikuwa wanawataka watu wajifunze lugha wasiyoijua. Sisi tunaogopa hata kuwataka watu waitumie lugha wanayoijua!

Pendekezo langu, basi, ni hili. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya sanaa au ya sayansi aandike maelezo ya Kiswahili ya kurasa nane mpaka kumi kuhusu utafiti wake, au kuhusu mada moja kuu ya somo lake kama programu yake haina utafiti. Maelezo hayo yawe ya kiwango ambacho kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuyasoma na kuyaelewa. Kisha asimame kwa dakika kumi na tano ayaeleze kwa mdomo na kujibu maswali, na miongoni mwa wanaomsikiliza awepo angalau mtu mmoja asiyekuwa wa chuo: mkulima, muuguzi, fundi, mwenyekiti wa mtaa. Mtu huyo naye apewe nafasi ya kusema kama ameelewa au hakuelewa. Nakala moja ya maelezo ipelekwe mahali data zilikotoka, katika ofisi ya kijiji, shule au zahanati. Mwanafunzi kutoka nchi nyingine aruhusiwe kuandika kwa lugha ya kwao. Asiyefaulu arudie, kama anavyorudia kozi nyingine yoyote, na asivae joho mpaka afaulu.

Najua wahadhiri watasema wamelemewa, na kweli wamelemewa. Madarasa yetu ni makubwa na karatasi za kusahihisha hazina mwisho. Lakini kurasa kumi za Kiswahili zilizo wazi husomeka haraka kuliko kurasa sitini za Kiingereza kilichonakiliwa, na mhadhiri akizisoma kwanza atajua mapema ni nani aliyeandika ripoti yake mwenyewe na ni nani aliyeandikiwa.

Halihitajiwi jengo jipya, wala mkopo kutoka nje, wala tume ya kuchunguza. Linahitajiwa baraza la chuo kimoja, chenye ujasiri kidogo, likae siku moja na kuongeza mstari mmoja katika kanuni zake za kuhitimu. Chuo kikianza, vingine vitaulizwa na wazazi kwa nini wao bado. Na siku mstari huo utakapoandikwa, mvuvi aliyeacha wavu wake ili ajibu maswali ya mwanafunzi ataweza kudai majibu yake akiwa na kanuni mkononi.